Aliyoyasema Mama kwa Kile Kitu

Mashine ile ililetwa kwenye zahanati yetu ya Ilomba, Mbeya, siku ya Jumanne, siku ya kliniki ya presha na sukari, kwa hiyo watu wote waliokuwa kwenye mabenchi waliiona ikishushwa kutoka kwenye gari. Ilikuwa imeviringishwa blanketi la kijivu na kufungwa mikanda, na wanaume wawili waliibeba kwa kuikumbatia, mmoja kichwani, mwingine miguuni. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango alisimama, akakaza kitenge chake kiunoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Marehemu wametoka naye wapi?"

Blanketi lilipoondolewa tukaona kitu cheupe chenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Chini kilikuwa na magurudumu. Mahali pa uso palikuwa na kioo, na ndani ya kioo macho mawili ya bluu yaliyokuwa yakipepesa. Aliyekuja nacho alikuwa dada mmoja, mhandisi kutoka Dar es Salaam, mpole, amevaa sweta mbili kwa baridi yetu. Alitueleza kwamba kila mgonjwa atasimama mbele ya mashine kabla ya kuingia chumbani kwangu, na mashine itamuuliza: dawa unameza, chumvi unapunguza, pombe unakunywa, kizunguzungu unapata? Majibu yatakwenda kwenye kompyuta. Mimi muuguzi nitapumzika.

"Mimi sijaomba kupumzika," nilimwambia.

"Sista, inakusaidia tu."

Nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka ishirini. Watu wengi wameshuka kwenye magari wakiwa na neno hilo mdomoni, na mara nyingi waliokuja kusaidiwa walijikuta wanajaza fomu. Nilimpa dada yule chai, lakini ile mashine niliitazama kwa jicho la pembeni.

Wiki ya kwanza ugomvi ulikuwa wa salamu. Mashine ilifundishwa kusema "Habari" kwa kila mtu. Alipofika mzee mmoja, mwalimu mstaafu ambaye nusu ya Ilomba imepitia mikononi mwake, ikamwambia, "Habari." Mzee alisimama, kofia mkononi, akikiangalia kile kioo. Ikarudia, "Habari."

"Habari kwa nani?" alisema. "Mimi na wewe tumesoma pamoja?"

Akageuka, akaenda kukaa, na hakujibu swali hata moja. Jioni dada mhandisi alikaa na kompyuta yake, na Jumanne iliyofuata mashine ikawa inasema "Shikamoo." Mwalimu aliitikia "Marahaba," akanyoosha mgongo, akajibu maswali yote kama anayehojiwa redioni. Nyuma yake alikuwa msichana aliyemsindikiza bibi yake. Kile kitu kikamgeukia na kumpa shikamoo yeye pia. "Mimi?" alisema, mkono kifuani. "Mimi nina miaka ishirini na mbili!" Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. Alikwenda kusimama nje kwenye jua, na kila mashine ilipogeuka upande ule, alijificha nyuma ya nguzo.

Baadaye nikaanza kuona mambo mengine. Wanawake walioshuka kutoka milimani na vikapu vya viazi, ambao kwangu waliingia na gamboti zenye matope bila wasiwasi, sasa walizifuta kwenye majani kwanza. Watu waliongea na mashine polepole na kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea na mgeni asiyejua lugha, na Kiswahili chao kilikuwa cha daftarini: "Mimi ninakunywa dawa zangu kila siku asubuhi, ahsante." Na kile kitu kilipotembea katikati ya mabenchi kwenda kujichaji ukutani, mazungumzo yalibadilika ghafla. Waliokuwa wanateta kwa Kiswahili walihamia kwenye Kisafwa na Kinyakyusa, wakaendelea kwa sauti ya chini mpaka kipite.

"Mnamficha nani?" niliuliza siku moja kwa utani.

Mama mmoja akanijibu bila kutabasamu, "Kina macho, sista. Chenye macho kinamsemea mtu."

Na mimi pia nilibadilika, sitaki kusema uongo. Mimi ni mkali kwa wagonjwa wangu. Mtu aliyeacha dawa nilikuwa namgombeza mpaka mlangoni. Lakini mashine ilipokuwa karibu na mlango wangu sauti yangu ilishuka yenyewe. Nilisema "tafadhali". Niliweka faili kwa mpangilio. Ilipokwenda kujichaji, ukali wangu ulirudi.

Mwisho wa mwezi dada mhandisi akanionyesha majibu. Kwenye daftari langu karibu wote walikuwa wanameza dawa. Kwenye kompyuta yake, wengi walikuwa wamekiri kwamba wanaruka siku, au wanagawana vidonge na ndugu, au wameacha kabisa. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kile kitu kinatunga. Nilimsubiri mwalimu mstaafu, nikamvuta pembeni.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi uliniambia unameza kila siku. Mashine umeiambia umeacha. Nishike lipi?"

Alifikiri kidogo. "Marahaba, binti yangu. La mashine. Wewe ungenigombeza, na watu wangesikia. Kile hakijui kununa."

Nilirudi chumbani, nikafunga mlango. Niliumia. Na bado sikukiamini.

Wakati huo ndipo mama yangu alipokuja. Yeye anaishi Ruaha Mbuyuni, bondeni kwenye joto, analima vitunguu na nyanya. Alikuwa ameanza dawa za presha miezi michache nyuma, kisha akaanguka shambani mara mbili katika wiki moja. Kaka yangu anayeishi naye akanipigia simu. Nikasema mpandishe basi, aje nimwangalie mwenyewe. Alifika na kiroba cha vitunguu na koti la marehemu baba, maana huku kwetu Julai mtu wa bonde lile huona baridi hata kwenye meno. Watoto wangu walikuwa shule ya bweni, tukabaki wawili ndani ya nyumba.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimpa kidonge na kikombe cha maji.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Fungua mdomo."

Alifungua, nikatazama, nikaondoka. Jioni nilimuuliza amekula nini, amelala muda gani, amepata choo. Nilijiona ninamtunza.

Jumanne nilikwenda naye kliniki. Alipoiona mashine alinishika mkono. "Hiki kinamsemea nani?" aliuliza kwa Kihehe, lugha ambayo pale wachache sana wanaijua. Nikamwambia ni kitu cha maswali tu. Siku hiyo alijibu "ndiyo" na "hapana" tu, akiwa amesimama mbali nacho. Lakini Jumanne ya pili nilichungulia dirishani nikamwona amekisogelea karibu kabisa, ameinama, koti la baba limekifunika nusu, anaongea. Aliongea muda mrefu. Kila mara mashine ilisema, "Samahani, sijaelewa," na yeye aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akaendelea.

"Ulikuwa unakiambia nini?" nilimuuliza njiani.

"Nakisalimia."

Siku chache baadaye dada mhandisi alinijia na ombi. Kulikuwa na mazungumzo ambayo mashine ilishindwa kuyaelewa kwa sababu watu waliongea lugha zao. Alikuwa ameshapata mtu wa Kisafwa na mtu wa Kinyakyusa. Ya Kihehe yalikuwa machache. Je, ningeweza kuyasikiliza na kuandika kwa Kiswahili walichosema?

"Kwani mnahifadhi sauti za watu?" niliuliza.

"Mashine inawaambia mwanzoni, sista. 'Mazungumzo haya yanahifadhiwa kwa ajili ya kuboresha huduma.'"

Nilikumbuka kweli kuna maneno yaliyopita haraka mwanzoni kabla ya shikamoo. Sikuwahi kumwona mgonjwa yeyote akiyasikiliza. Hata mimi nilidhani ni matangazo.

Ningeweza kukataa. Nilijiambia nakubali ili nijue kile kitu kinachukua nini kwa watu, na hilo lilikuwa kweli, lakini moyoni nilijua sauti ya nani ningeikuta. Nilikaa stoo kwenye katoni za glovu, nikavaa vipokea sauti masikioni. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamume aliyelalamikia bei ya usafiri. Ya pili ilikuwa ya mama.

"Kamwene," alianza kwa salamu yetu ya Kihehe. "Nimeona unawasikiliza watu wote humu. Mimi Kiswahili chako sikiwezi, kinakimbia. Nakuambia kwa lugha yangu, maana huijui. Dawa simezi. Naificha chini ya ulimi nyuma kabisa, mwanangu akienda kazini naitema kwenye maboga nyuma ya nyumba. Nikiimeza dunia inazunguka. Kule shambani niliangushwa na dawa, siyo presha. Nikimwambia atasema siku hizi nimekuwa daktari."

Mashine ikasema, "Samahani, sijaelewa. Tafadhali jibu ndiyo au hapana."

"Ndiyo," mama alisema kwa Kiswahili. Kisha akarudi kwenye Kihehe. "Huyu mtoto alikuwa na maneno mengi, alikuwa ananichekesha. Siku hizi ananiuliza kama wewe. Umemeza, umekula, umelala. Ananiambia nifungue mdomo. Afadhali wewe, unasema samahani."

Nilivua vile vitu masikioni. Nilikaa pale mpaka mtu akaja kuchukua glovu akanikuta. Aibu niliyoisikia haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya kutaka kujificha, na sikujua nijifiche kwa nani.

Kwenye fomu, mbele ya namba ya mama, niliandika neno moja: "Anasalimia."

Dada mhandisi aliisoma. "Dakika nne, sista?"

"Wahehe tunasalimiana sana," nikamjibu.

Nilikwenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu, nikamwambia mama yangu ana kizunguzungu. Akampima amekaa, kisha amesimama, na kweli aliposimama presha ilishuka mno. Akabadilisha dawa, akapunguza na kipimo. Mama alikuwa akimtazama mganga, halafu mimi, halafu mganga.

Tulipotoka aliniuliza, "Umejuaje kuhusu kizunguzungu?"

"Nimeona unavyoshika ukuta ukiamka."

"Mimi sishiki ukuta."

Nyumbani nilianza kujirekebisha. Sikumwambia tena afungue mdomo. Niliacha kidonge mezani na kikombe cha maji, nikaenda kazini. Jioni nilijaribu kumsimulia vituko vya kliniki, jinsi yule msichana alivyopewa shikamoo, na mama alicheka, lakini alikuwa akinichunguza kwa macho kama anayemtazama mpimaji kwenye mizani ya sokoni. Upole wangu ulikuja ghafla mno.

Jumanne iliyofuata alikwenda mbele ya mashine mwenyewe bila kuitwa, akaongea nayo tena kwa Kihehe. Safari hii hakuinama. Dada mhandisi akaniletea sauti ile pamoja na fomu. Nilijua sipaswi. Niliisikiliza.

Mama hakusema lolote kuhusu dawa. Alisema anatamani perege mkavu wa Mtera, apikwe kwa karanga, kama alivyokuwa akimpikia baba. Alisema tangu afike Mbeya hamu hiyo haimwachi, lakini hataki kumsumbua mwanawe. Basi.

Niliandika tena, "Anasalimia." Kisha nikaenda soko la Mwanjelwa, nikazunguka kwa wauza samaki wakavu mpaka nikampata mmoja aliyeapa kwamba perege wake wametoka Mtera. Nilisaga karanga. Nilipika kwa furaha, nasema ukweli, niliona nimepata njia ya kumrudia mama yangu bila maneno. Nikaweka sahani mbele yake na ugali.

Aliitazama. Hakunawa mikono.

"Samaki huyu sijakuomba wewe," alisema.

Nilitaka kusema nimeota, nimebahatisha, nimekumbuka zamani. Alisogeza sahani katikati ya meza taratibu, asimwage mchuzi, akaenda chumbani kwake.

Kuanzia siku ile mama aliongea na mimi kwa Kiswahili. Kiswahili kile kile alichotumia siku ya kwanza mbele ya mashine, kimepigwa pasi, hakina hata kosa moja. "Nimekula, ahsante." "Nimelala vizuri." "Dawa nimemeza." Nikimwamkia kwa Kihehe, aliitikia kwa Kiswahili. Hakunigombeza, hakununa. Alijibu kila swali nililouliza, wala hakuongeza neno. Siku ya kumi na mbili aliniambia, "Ninaomba kurudi nyumbani. Ni wakati wa kuhamisha miche ya vitunguu."

Niliomba ruhusa kazini nikampeleka mwenyewe. Lakini kabla ya kuondoka niliingia kwa mganga mfawidhi, nikamweleza kwamba wagonjwa hawajui sauti zao zinasikilizwa na watu. Sikumtaja mama. Nilimwambia pia kwamba mimi kazi ile ya Kihehe nimeiacha, atafutwe mwingine au asitafutwe. Alimwita dada mhandisi, na dada yule, ambaye sikuwahi kumwona na nia mbaya, alishika kichwa. Alisema alidhani kila mtu anaelewa.

Ruaha Mbuyuni kulikuwa na joto. Tulikaa siku mbili bila kuongea la maana. Siku ya tatu asubuhi tulikuwa kibandani tunachambua vitunguu vilivyobaki, vilivyooza huku, vizima huku. Kaka alikuwa ameenda kufungua maji ya mfereji. Nikasema kwa Kihehe, bila kuinua macho, "Mama, nisamehe. Nilikusikiliza."

Aliendelea kuchambua. "Yote?"

"Yote. Mara zote mbili."

"Na hao wenye mashine uliwaambia nini?"

"Niliandika kwamba unasalimia."

Mikono yake ikasimama. "Mara ya pili pia?"

"Mara ya pili pia."

Alitoa sauti puani, sikujua kama ni kicheko au hasira. Akasema, "Mimi nilitafuta kitu kisichosikia, nikapata chenye masikio mawili, na moja la mwanangu." Kisha, kwa Kihehe, aliniambia nisogee, nimekalia kiroba chake. Nilisogea. Hakusema amenisamehe. Lakini mchana aliniambia habari ya jirani aliyegombana na mbuzi wake, akaisimulia kwa kirefu, kwa lugha yetu.

Nilirudi Ilomba nikakuta mashine imebadilishwa maneno. Sasa ilianza kwa kusema polepole, "Unayoniambia ninayahifadhi, na kuna watu watayasikia." Mgonjwa wa kwanza aliyeyasikia alirudi nyuma hatua mbili. Wiki ile ile majibu yalibadilika. Wote walikuwa wanameza dawa, hakuna aliyekunywa pombe, hakuna aliyetia chumvi. Mwalimu mstaafu aliitikia "Marahaba," akasema, "Sina tatizo lolote," akaja chumbani kwangu akafunga mlango mwenyewe.

"Sista," alisema, "sasa nitasema na nani?"

Nilimwambia aseme na mimi, nami sitamgombeza. Akasema atafikiria. Alirudi baada ya mwezi, akaniambia nusu. Ile nusu nyingine sijaipata hadi leo, na sijui kama kuna mtu anayo.

Mama hunipigia simu kila akitoka kupima kwenye zahanati ya huko. Mara ya mwisho alisema, "Mia thelathini kwa themanini." Zamani ningemwambia anitumie picha ya kadi, au ningempigia kaka kuhakikisha. Namba ile ni nzuri mno, ni namba ambayo kila mgonjwa wangu anaijua kwa moyo kwa sababu ninairudia kila Jumanne. Alikuwa akisubiri, na nilisikia kuku nyuma yake.

"Vizuri, mama," nilisema. "Na miche imeshika?"